Udaktari mara tatu: kisa cha maombi ya chuo kutoka Mbagala

Familia iliponitafuta, awamu ya kwanza ya udahili ilikuwa imeshapita na binti yao hajapata chuo popote. Walikuwa wameomba vyuo vitatu, vyote vikamjibu vilevile: hujachaguliwa. Baba yake, muuza mitumba wa Mbagala Rangi Tatu, alikuwa na swali moja tu. Mtoto ana Divisheni Two, mbona wenye Divisheni Three mtaani kwao wameshapata chuo na wanapigiwa vigelegele?

Swali zuri, na kulijibu ndiyo kazi ya andiko hili. Nakieleza kisa kwa ridhaa yao, majina nimeyaacha. Mimi ni mwalimu, na kila Julai hadi Septemba wazazi wa Temeke hunijia na karatasi zao. Hiki nimekichagua kwa sababu binti alikuwa na sifa, nauli ya kuhangaika ilikuwepo na ndugu wa kumsaidia hawakupungua, lakini bado mambo yakaenda mrama.

Pointi 10 zilizokuwa 8

Binti alisoma PCB, yaani tahasusi ya Fizikia, Kemia na Baiolojia, katika shule ya bweni ya wasichana mkoani. Matokeo yake ya kidato cha sita: Fizikia D, Kemia C, Baiolojia C. Baraza la Mitihani likampa Divisheni Two ya pointi 10.

Hapo ndipo hesabu ilipoanza kwenda upande. Baraza linapopanga divisheni, A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5. Unajumlisha masomo matatu ya tahasusi, na kadiri jumla inavyokuwa ndogo ndivyo mambo yanavyokuwa mazuri: kuanzia 3 hadi 9 ni Divisheni One, 10 hadi 12 ni Two. Ukivuka ukafungua mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hesabu inageuka juu chini. Huko A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na anayetafutwa ni mwenye nyingi. Kwa hiyo binti yuleyule, kwa matokeo yaleyale, ana 10 Baraza na ana 8 TCU.

Kaka yake, kijana mwepesi na mwenye mapenzi ya kweli kwa mdogo wake, aliufungua mwongozo kwenye simu akaona programu ya udaktari inataka angalau pointi 6. Akamwambia mzee, "Baba, wanataka sita, huyu anazo kumi. Amewazidi nne." Mzee akafurahi, na nani asingefurahi.

Kwa bahati kaka alikuwa sahihi kwamba binti anafikia kima cha chini: 8 ni zaidi ya 6. Ila hesabu yake ilikuwa ya ajabu. Kwa kipimo chake, mwenye A tatu angekuwa na pointi 3 na asingefaa kusomea hata udaktari wa kuku. Kwa kipimo cha TCU mtu huyo ana 15, na ndiye aliyekuwa mbele ya binti kwenye foleni, yeye na wenzake wenye 14, 13, 12. Kwenye mwongozo, karibu na safu ya pointi kuna safu nyingine ambayo wazazi wengi hawaitazami: idadi ya nafasi za programu hiyo. Pointi zinakwambia kama unaruhusiwa kupanga foleni. Safu ya nafasi inakwambia foleni itakatwa wapi. Nilipomwonyesha mzee safu hizo mbili zikiwa zimekaa jirani, alinyamaza kidogo, akauliza, "Kwa hiyo hii sita ni ya kuingilia uwanjani tu?" Ndiyo, mzee wangu.

Maombi yaliyojazwa mwenyewe hayupo

Matokeo yalipotoka Julai, binti alikuwa kambini Ruvu, Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Tangu mafunzo ya kijeshi kwa mujibu wa sheria yarudishwe mwaka 2013, wahitimu wengi wa kidato cha sita wanaoitwa huripoti makambini karibu na Juni, na matokeo pamoja na ufunguzi wa dirisha la udahili huwakuta hukohuko. Simu haziko mikononi kama nyumbani. Alipopata nafasi ya kuongea na mama yake, waliongea dakika chache za kusalimiana na kupongezana. Kozi haikuguswa. Kila mtu alidhani inajulikana.

Halafu akaingia mjomba. Mjomba aliomba chuo katika miaka ya mfumo wa pamoja, ule ulioanza 2010 na kuachwa 2017, ambapo mwombaji alijaza machaguo yake TCU na mfumo ndio uliompangia chuo. Akatoa ushauri wa mtu mwenye uzoefu: wekeni udaktari kote, akikosa watampangia kwingine. Ushauri huo ungekuwa na miguu kidogo enzi zake. Siku hizi mwombaji anapeleka maombi moja kwa moja chuoni, kila chuo kinachagua kwa yale uliyokiandikia, na ukikosa hakuna mtu mahali fulani anayekutafutia kiti kingine. Unasubiri awamu inayofuata ujaze tena.

Basi kaka akaenda steshenari. Akalipia maombi Muhimbili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) ambako udaktari unasomewa kampasi ya Mbeya, na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Kote akaweka udaktari. Palipokuwa na nafasi ya chaguo la pili na la tatu, akaacha wazi, kwa hoja kwamba ukiweka uuguzi chini chuo kitaona hujiamini na udaktari. Hoja hii naisikia kila mwaka na sijui nani aliizaa. Chuo kinapanga wenye sifa kwa ushindani wa programu husika, na anayekosa cha kwanza anatazamwa kwa cha pili. Ukiacha wazi, cha kumtazamia hakuna.

Kosa ninaloliona hapa halikuwa kuota udaktari. Mwenye C mbili na D kuomba udaktari si kituko. Awamu ya kwanza ni pahala pake, na chaguo la kwanza ni pahala pake pia. Tatizo ni kwamba yale maombi matatu yalikuwa ombi moja lililolipiwa mara tatu. Mwenye A tatu wa Muhimbili naye aliomba UDOM kujihami. Ushindani uliomwangusha kwenye chuo kimoja ndio uleule uliomngoja kwenye vingine. Ni sawa na kukata tiketi tatu za basi moja: likiondoka limejaa, zote tatu ni karatasi.

Jibu la swali la mzee nalo liko hapahapa. Yule wa Divisheni Three wa mtaani aliomba programu ambayo foleni yake ilikuwa fupi. Kima cha chini cha jumla kuingia shahada ni ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi 4, na kila programu inaongeza masharti yake juu ya hapo. Yule kijana alikuwa navyo, akaomba panapomfaa, akapata.

Daftari la kaunta

Awamu ya pili ilipofunguliwa binti alikuwa amesharudi, amekonda kidogo na amekomaa sauti. Kabla ya kujadili kozi nikasema tuingie kwanza kwenye akaunti ya UDSM, kwa sababu maombi ya Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu pale Chang'ombe, DUCE, yanapitia hukohuko. Nywila? Kaka hana. Baruapepe? Ya kijana wa steshenari. Namba ya simu? Ya kijana wa steshenari.

Tukaenda. Kijana akatoa daftari la kaunta, lile la kurasa nyingi lenye jalada gumu. Ndani yake wateja wake wote wa msimu: jina, namba ya mtihani wa kidato cha nne, chuo, nywila. Nywila nyingi zilikuwa jina la kwanza na mwaka. Akapitisha kidole mpaka kwa binti yetu, akatusomea kwa sauti mbele ya wateja wengine wanne. Nisimseme vibaya, alikuwa na foleni mpaka mlangoni, na bila yeye nusu ya watoto wa pale wasingeomba chuo kabisa. Hakuiba kitu. Lakini ujumbe wowote kuhusu udahili wa binti ungemfikia yeye kwanza, katikati ya ujumbe wa wateja wa msimu mzima. Tulibadilisha nywila, baruapepe na namba ya simu palepale, tukaweka laini ya mama. Ya mama, kwa sababu ya binti ilikuwa mpya na kwenye nyumba ile anayekaa na simu muda wote, imechajiwa na ina salio, ni mama.

Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu ndilo lililookoa mambo baadaye.

Meza ya awamu ya pili

Tulikaa nyumbani kwao jioni, sisi watano. Nikaweka mezani njia zilizokuwepo. Kurisiti, yaani kurudia mtihani, Mei inayofuata kama mtahiniwa binafsi: inawezekana, lakini ni mwaka mzima, na Fizikia iliyompa D baada ya miaka miwili ya bweni lazima apatikane wa kumfundisha. Chuo binafsi cha udaktari: ada ni mamilioni kadhaa kwa mwaka kwa miaka 5, na mkopo wa Bodi ya Mikopo hutolewa kwa asilimia kulingana na hali ya familia, hivyo pengo lingebaki kwa mzee. Mzee alitikisa kichwa kabla sijamaliza. Stashahada ya utabibu, miaka 3, chini ya NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, ambayo mwenye wastani mzuri anaweza kuitumia kuomba udaktari baadaye: njia ndefu lakini halali, na madaktari wengi wazuri wamepita humo. Mwisho, shahada nyingine zinazotaka Kemia na Baiolojia, kwenye vyuo vilivyotangaza kwamba bado vina nafasi.

Mjomba akasema uuguzi. Ukweli, hata mimi ningeuweka juu. Muuguzi mwenye shahada ana pa kuanzia. Ndipo binti aliyekuwa kimya tangu shikamoo akafungua mdomo. "Uuguzi hapana, mwalimu." Kwa nini? Kidato cha tatu na cha nne aliishi kwa mama yake mdogo, muuguzi. Aliijua zamu ya usiku kwa ndani: mtu anarudi saa mbili asubuhi miguu imevimba, analala mchana mabati yakiwaka, watoto wanakemewa wasipige kelele, jioni anaondoka tena. Nikamuuliza, na udaktari je, hauna usiku? Akacheka. Alikuwa hajaufikiria udaktari kama kazi ya kuamkia. Aliufikiria kama jibu la kumpa baba.

Sikumbishia kuhusu uuguzi. Katika meza ile yeye peke yake ndiye aliyekuwa amewahi kulala nyumba moja na kazi tunayoizungumzia. Sisi wengine tulikuwa tunasoma majina ya kozi.

Alipoulizwa anapenda nini, hakusema "ndoto yangu". Alisema Kemia, hasa ile ya mwilini, na kwamba hesabu nyingi zinamchosha. Kutoka hapo tukaanza kusoma masharti ya programu moja moja kwenye mwongozo, tukikata zisizofaa kwa kalamu. Zikabaki mbili zilizomkaa: lishe ya binadamu Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na shahada ya sayansi na elimu DUCE, afundishe Kemia na Baiolojia.

Mzee akapandisha. Ualimu? Mtoto atoke na Divisheni Two akawe mwalimu? Kisha akanikumbuka nimekaa mbele yake, akaongeza, "Samahani mwalimu, si kwa ubaya." Tumezoea. Nikamwambia ukweli wa pande zote: walimu wa sayansi bado wanahitajika, lakini ajira ya serikali siku hizi hata kwa mwalimu ina usaili wa Sekretarieti ya Ajira, zile siku za kumaliza chuo na kusubiri kupangiwa kituo zimepita. Asisomee ualimu kwa kudhani ajira inamngoja mlangoni. Na lishe? Mzee alidhani ni mapishi. Tukamweleza wataalamu wa lishe wako hospitali, halmashauri, kwenye miradi ya watoto na kwenye viwanda vya chakula. Wapo wachache kwa kazi iliyopo, lakini wachache hao nao wanatafuta ajira. Mimi siuzi kozi kwa mtu.

Safari hii orodha ilikuwa na kazi kwenye kila mstari. Sokoine juu kabisa lishe, chini yake programu mbili nyingine za sayansi alizokubali yeye mwenyewe kwamba akipewa atakwenda. Hilo la kukubali nililisimamia sana. Nilimuuliza kila mstari: ukipangiwa hii peke yake, utapanda gari? Moja alisita, tukaifuta. UDSM tukaweka elimu DUCE.

Akapata mbili, na mzee akageuka

Majina ya awamu ya pili yalipotoka alikuwa amechaguliwa Sokoine, lishe, na pia DUCE. Aliyepata chuo zaidi ya kimoja anatakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba maalumu inayotumwa kwa ujumbe wa simu, na muda wa kufanya hivyo ni mfupi. Ujumbe uliingia kwenye simu ya mama akiwa sokoni Mbagala. Akaupiga picha, kwa simu ya jirani, ili usipotee. Nikikumbuka lile daftari la kaunta, nashukuru.

Jambo ambalo sikulitarajia ni mzee. Aliyeukataa ualimu kwa nguvu zote sasa akawa wakili wa DUCE. Chang'ombe ni Temeke, mtoto atapanda daladala asubuhi, atalala nyumbani, hela ya chakula na malazi kutoka Bodi, ile wanafunzi wanayoiita boom, shilingi 10,000 kwa siku kwa anayepata yote, itabaki nzima. Ilikuwa hoja ya maana ya mtu anayejua kupiga hesabu za genge. Mama akajibu kwamba Morogoro kwa treni ya umeme si safari ya kuaga watu. Walivutana wakamaliza wenyewe; mimi nilikaa kimya, hapo hapakuwa na mwongozo wa kusoma. Binti akathibitisha Sokoine siku iliyofuata, mwenyewe, kwenye simu ya mama, mzee akiwa amekaa pembeni akijifanya anatazama taarifa ya habari.

Mkopo, kwa ufupi

Maombi ya Bodi ya Mikopo yangeweza kuharibika mara mbili. Kwanza cheti cha kuzaliwa: lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na kaka alipandisha picha ya simu yenye pembe iliyokatika na kivuli cha mkono. Ikarudishwa. Tukaskani upya, ikapita. Pili, namba ya mtihani wa kidato cha nne inatakiwa iwe ileile iliyotumika kuomba chuo, na kwenye rasimu kaka alikuwa ameandika ya kidato cha sita. Tuliiona kabla ya kutuma. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa alisaini siku hiyohiyo, kamishna wa viapo akataka binti awepo mwenyewe, na hapo tulikuwa na bahati kwamba dirisha liliongezwa siku, kama inavyotokea miaka mingi, maana siku ya mwisho ya awali ilimkuta bado Ruvu. Familia yenye mtoto JKT inafaa ianze na cheti cha RITA mwezi Mei, hata kabla hajaondoka. Hicho hakihitaji matokeo.

Alipangiwa mkopo, ada si yote. Pengo mjomba alisema atalibeba mwaka wa kwanza. Baada ya hapo watakaa tena.

Swali la mzee la mwisho kwangu, siku binti anafunga begi, lilikuwa kama anaweza kuhamia udaktari akishafika chuoni. Nilimjibu kwamba uhamisho upo lakini unafuata sifa na nafasi zilezile zilizomzuia mwanzo, kwa hiyo bila Fizikia bora zaidi mlango ule haujabadilika. Akitaka kweli, ajisajili kurisiti Fizikia kama mtahiniwa binafsi huku akiendelea na masomo. Mzee akamgeukia binti. Binti akasema aone kwanza muhula wa kwanza ukoje, kisha akamuuliza kaka yake ameweka wapi picha za paspoti.